Pini ya Stovu Kwenye Boila

Nililichokoa tundu la nozeli ya boila kwa pini ya stovu. Nakiri mapema, msomaji asije akaniamini kupita kiasi huko mbele.

Nyumbani Tangini, stovu ikikohoa tulichomeka pini, moto ukarudi, chai ikachemka. Basi nikadhani boila la kiwanda chetu kidogo cha sabuni ni stovu iliyonenepa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na nimo kwenye miezi mitatu ya majaribio. Aliyeshindwa kazi ya boila alipelekwa kulinda ghala la mbata Kisarawe, alale hukohuko, kwake aonekane mwisho wa mwezi. Kwa mtu kama mimi, ambaye hata msibani nilitafuta njia ya kurudi kulala kwangu, Kisarawe ilikuwa ng'ambo.

Ijumaa moja fundi mkuu alikwenda kuswali, moto ukaanza kusinzia. Utaratibu ulikuwa kufunga valvu, kuitoa nozeli, kile kimdomo kinachopuliza mafuta motoni, kuiloweka kwenye mafuta ya taa, kisha kuisafisha kwa kijiti, maana chuma hukwaruza. Kazi ya saa nzima, na mimi ubwabwa wa mke wangu unaningoja nyumbani. Nikaitoa, hatua ya kuloweka nikairuka, nikaingiza pini, kisha nikairudisha mahali pake.

Moto ulirudi mrefu, wa njano, na bomba likatoa moshi mweusi. Nikakaza valvu: mafuta yakadondoka matone badala ya kutoka kama ukungu. Nikalegeza: yakamwagika. Katikati hapakuwa na mahali. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Valvu huamua mafuta yaje mengi au machache. Tundu lile dogo ndilo huamua yaje vipi, na likishakwaruzwa halisikii tena mkono wa mtu.

Fundi aliporudi alitazama bomba kwanza, kisha mimi.

"Umelichokoa?"

"Kidogo tu, mzee."

"Kwani lenyewe lina ukubwa gani?"

Ningeweza kusingizia mafuta machafu. Miaka ile ya uhaba yalikuwa machafu kweli. Lakini pini ilikuwa inachungulia mfukoni mwa shati. Nozeli nyingine stoo haikuwapo, sabuni ikagandia pipani, na Jumatatu nikaandikiwa Kisarawe.

Jirani yetu, mama mmoja mtu mzima wa Mlandizi, alinikuta nikifunga godoro kwa kamba. Nikamweleza yote, nikitegemea pole.

"Heri uende, baba," akasema. "Tangu umuoe huyu mwanamke hatujapata hata siku moja ya kukusengenya kwa raha, umekaa tu hapo barazani."