Aliyeparua Mawe ya Chemchemi

Otilia alisimama kando ya jeneza la baba yake akiwa ameshika wasifu wa marehemu. Baba mdogo Joakim ndiye aliyeuandika: Hyasinti alizaliwa Namswea, akalima kahawa na mahindi, akatunza chemchemi ya kigango miaka ishirini na sita, kisha "akapumzishwa kwa sababu ya uzee."

Hapo akaacha kusoma.

Uzee haukuhusika. Kwenye chemchemi ile palikuwa na ndege mdogo, mweusi kwa mweupe, wa kutikisatikisa mkia, aliyetaga kwenye ufa wa jiwe. Chini yake mmea bapa wa kijani ulijibandika kwenye mawe yote kama vipande vya ini. Mzee aliwalinda wote wawili. Akiwaonyesha watoto vikombe vidogo vya mmea ule, vyenye chembe za kijani ndani, alisema, "Huyu naye ana viota. Mwenzake huatamia mayai, yeye hungoja tone la mvua liyarushe."

"Baba, ndege ana damu," Otilia, wakati huo kidato cha tatu, alimkatiza. "Huo ni uchafu tu."

"Ukimbomolea ndege atakutukana, aruke akajenge kwa jirani. Huyu ataruka na nini, mama?"

Askofu alipokaribia kuja kutoa Kipaimara, Otilia aliona aibu kwa mawe yale. Jumamosi moja, baba akiwa shambani, aliyaparua kwa jembe, akayapaka chokaa yapendeze. Mchana mvua ikanyesha, maji ya kigango kizima yakawa meupe.

Mama Beata, mwenyekiti wa jumuiya, akaja juu. "Mzee, siku hizi unatupikia uji kisimani?"

Watu wakacheka. Wakamwondoa kazini palepale. Otilia alitazama chini. Mzee naye hakujitetea. Wiki ile Otilia alipokea Kipaimara, na kwa miaka minne tangu hapo, kila alipokwenda kuungama, aliungama uvivu na hasira tu.

"Soma, mwanangu," Joakim alinong'ona.

Otilia akaikunja karatasi.

"Mawe niliyaparua mimi. Chokaa nilipaka mimi. Mlimcheka mtu asiye na kosa, nami nikanyamaza."

Mama Beata akainuka mkekani, mkono mdomoni.

"Yeye alijua?"

"Alijua. Jioni ile ndiye aliyeninawisha chokaa mikononi, kisha akaniambia nikale."