Ratili Mia na Kumi Zilizopotea Tanuuni

Baba alikuwa mchoma chokaa kule Sagalla, na kanisa letu lilipotaka kupakwa rangi nyeupe, kazi ilikuwa yake. Mzee wa kanisa aliyesimamia shughuli hiyo hakuwa mtu wa kuamini mambo kwa macho. Aliazima mizani kwa mwenye duka mmoja wa Voi, akapima mawe kabla hayajaingia kwenye tanuu: ratili mia tatu. Siku ya kulifungua tanuu akaja na mizani ileile. Ratili mia na tisini.

"Mia na kumi ziko wapi?" akauliza.

"Zimeungua," Baba akasema.

"Jiwe si kuni."

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imeshuka mlima mzima: Baba amemuuzia chokaa ya Mungu fundi mmoja wa Voi. Mama akaacha kwenda kisimani asubuhi pamoja na wenzake. Akawa anaenda adhuhuri, jua likiwa la utosi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, nikijisomea kemia kwa ajili ya mtihani, kwa kitabu kisicho na jalada. Nilikuwa nimefika kwenye uzito wa atomu, na bado sikuwa nimeona unamsaidia nani. Nikaomba kusikilizwa na wazee wa kanisa. Wakanipa ubao wa shule ya Jumapili.

Nikaandika: kalsiamu arobaini, kaboni kumi na mbili, oksijeni kumi na sita mara tatu. Jumla mia. Hilo ndilo jiwe la chokaa. Likipata moto, kaboni hutoka pamoja na oksijeni mbili, yaani arobaini na nne. Hubaki hamsini na sita.

"Hutoka kwenda wapi?" mzee akauliza.

"Hewani. Hugeuka hewa."

"Hewa ina uzito?"

"Ndiyo, mzee."

Wazee wakatazamana. Mmoja akavuta pumzi polepole, kama anayejaribu kuipima.

"Basi katika mia tatu zingebaki ngapi, binti?"

"Mia na sitini na nane."

Yule mzee alijua hesabu. "Tulipata mia na tisini. Kwa hiyo baba yako ametuongezea?"

Hilo jibu nilikuwa nalo tangu nyumbani, nikitumaini hakuna atakayelidai. Nikaeleza kwamba zilizotoka ni mia na kumi, na kwa arobaini na nne katika kila mia, hizo ni za ratili mia mbili na hamsini za jiwe. Hamsini hazikuiva. Zimo mlemle, mawe matupu.

Baba alikuwa ameketi benchi la nyuma. "Kuni zilikuwa mbichi," akasema. Kisha akaongeza: "Na nilifungua mapema."

Tukaimwagia chokaa maji uani. Iliyoiva ilichemka ikawa unga. Vipande vilivyobaki vigumu tukaviosha, tukavianika, tukavipima. Hamsini na moja.

Mzee akatangaza kanisani kwamba hakukuwa na wizi, ila uzembe. Mama akarudi kuchota maji asubuhi. Baba akayachoma upya yale mawe siku tatu mfululizo, bila kunisemesha. Siku ya nne nilipompelekea uji tanuuni, akanisogezea jiwe la kukalia.

"Ile hewa inayotoka," akauliza, "inadhuru?"

"Ikiwa nyingi, mahali pamefungwa, inaua."

Akanywa uji wake wote. Kisha akainua kigoda chake, akakihamishia upande unakotoka upepo.