Funguo za Mwalimu Sawa

"Mwalimu, na wewe uhuru wako ulipewa lini?"

Aliyeuliza ni msichana wa dawati la mbele, darasa la tano, wiki ya kwanza ya muhula. Shule nzima ilimwita Kwanini, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kunywa maji bila kuuliza yametoka wapi. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amewaeleza kwamba zamani watu walikamatwa, wakauzwa kama mbuzi, na kwamba baada ya miaka mingi ya kukataa, kutoroka na kupigana, ilifika siku wakatangaziwa wako huru. Sasa Kwanini alitaka tarehe ya mwalimu wake aiandike daftarini.

Mwalimu alicheka mpaka chaki ikamdondoka. Akafungua mdomo ajibu, mara mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, ana shida kidogo, eti mwenzangu nishikie zamu ya geti dakika kumi tu.

"Sawa," akasema mwalimu. Akatoka, na funguo zake zikatoka naye, chrin-chrin-chrin, mpaka mwisho wa korido. Jibu halikurudi siku hiyo.

Hizo funguo lazima zielezwe, maana bila funguo huwezi kumjua mtu huyu. Zilikuwa kumi na nne katika pete moja. Ufunguo wa stoo ulipaswa kuwa wa mtunza stoo. Wa maktaba ulikuwa wa mwalimu wa lugha, ambaye siku moja alimwomba amshikie "mpaka kesho," na kesho hiyo sasa ilikuwa na miaka sita. Wa kabati la mipira, wa choo cha walimu, wa tangi la maji, wa chumba cha kompyuta ambacho hakikuwa na kompyuta hata moja, zote ziliishia mfukoni mwake. Kila kazi isiyotakiwa na mtu hapo shuleni ilikuwa na ufunguo, na kila ufunguo ulijua njia ya kwenda mfuko wake wa kulia. Suruali ilikuwa imelala upande mmoja kama bendera isiyo na upepo. Wanafunzi walimwita Mwalimu Sawa, na yeye alijua, na hata hilo alisema sawa.

Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, ndiye aliyekuwa akishona ule mfuko kila mwisho wa mwezi. "Baba watoto," alimwambia uzi ukiwa mdomoni, "wewe siku ukifa utaamka kwanza uwaombe radhi wachimba kaburi kwa usumbufu."

"Sawa," alijibu mumewe, mawazo yako mbali.

Lakini darasani, akishasimama mbele ya wale watoto arobaini na saba, alikuwa mtu mwingine kabisa. Muhula ule ndio alipania. Wiki ya pili alisogeza madawati, akapiga magoti na suruali yake mbovu, akachora sakafuni kwa chaki nafasi aliyopewa mtu mmoja kulala ndani ya meli, kwa wiki na wiki. Bonge, ambaye jina lake lilimwenea kama ngozi, alilala juu ya mchoro.

"Mwalimu, mguu mmoja tu umeenea! Huu mwingine niuweke wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akasema taratibu, "Hapakuwa na pa kuuweka." Kicheko kikakatika, na Bonge akabaki amelala pale, anatazama dari, mpaka akanyanyuliwa.

Wiki ya nne walijifunza kwamba waliouzwa walinyang'anywa hata majina. Kila mtoto akapewa karatasi amwandikie barua mtu mmoja aliyechukuliwa. Hapo ndipo ilipozaliwa habari ya Ijumaa ya mwisho wa muhula: wazazi waje, barua zisomwe kwa sauti. Watoto walishikwa na wazimu wa furaha. Walisoma barua kwenye foleni ya maji, chooni, juu ya ukuta, hadi mlinzi wa shule akazijua mbili kwa moyo. Mwalimu naye alikuwa hafiki nyumbani bila kueleza nani kaandika nini. Mkewe anasema hakuwahi kumwona anataka kitu kwa ajili yake mwenyewe tangu waoane, ila Ijumaa ile.

Basi wiki ya tisa akateleza.

Aliandika ubaoni: *Utajuaje kama kazi ni utumwa? Moja, uliza: je, analipwa? Mbili, uliza: je, anaweza kuondoka?* Akawaambia wakaongee na wazazi wao. Kengele ikalia. Watoto arobaini na saba wakaenda nyumbani na maswali mawili mapya mikononi, kama watu waliokabidhiwa viberiti.

Bonge alikuta sinki limejaa.

"Osha vyombo," akasema mama yake.

"Mama, unanilipa?"

"Ati nini?"

"Naweza kuondoka?"

"Mlango ule pale, baba. Wewe ondoka. Chakula kinabaki na mimi."

Bonge akatafakari, akaosha, lakini aliosha huku akitamka kwa sauti ya huzuni kwamba historia itamkumbuka. Mapacha wa dawati la nyuma waligoma kuchota maji wakakaa chini ya meza. Na Kwanini, ambaye hakuwahi kuacha wazo nusu njia, alikwenda uani kwa bibi yake, akawatazama kuku, akawauliza maswali yote mawili, hakupata jibu la kuridhisha, akafungua banda.

Asubuhi yake mlango wa mwalimu mkuu ulikuwa na wazazi kumi na mmoja, na mbele yao wote bibi, kuku mmoja kwapani.

"Saba!" alipiga kelele. "Kuku saba wako huru, mwalimu mkuu, na huyu wa nane nimemkamata kwenye paa la jirani! Mjukuu wangu ananiambia, bibi, usilie, wamekwenda kuanza maisha!"

Mwalimu mkuu, mama mwenye miwani ya kamba na sauti isiyopanda wala kushuka, aliwasikiliza wote. Kisha akamwita mwalimu.

"Mada hiyo ifungwe leo. Rudi kwenye hesabu za sehemu. Ijumaa hakuna kusoma barua. Ukumbi nitafanyia kikao na wazazi hawahawa. Wewe utapanga viti."

Barua arobaini na saba zilimpita mwalimu kichwani moja moja.

"Sawa, mwalimu mkuu," akasema.

Alipowaeleza watoto, hapakuwa na kelele. Laiti wangepiga kelele. Bonge peke yake ndiye aliyenong'ona, na mnong'ono wa Bonge ulifika hadi darasa la pili: "Wiki tisa tunasoma watu waliosema hapana, halafu yeye kasema sawa." Kwanini hakuuliza kitu. Alimtazama tu. Mwalimu baadaye alisema afadhali angeuliza.

Ijumaa ikafika. Saa nne kasoro, mwalimu alikuwa ukumbini anapanga viti, viwili viwili mkononi, chrin-chrin, chrin-chrin. Wazazi walikuwa wanaingia na kunung'unika. Madirishani, pua arobaini na saba zilikuwa zimebanwa kwenye vioo, na chini ya kila pua karatasi.

Mwalimu mkuu akapita na orodha yake. "Ukimaliza viti, fungua stoo utoe meza. Halafu chota maji ya wageni. Halafu kanishikie darasa la sita, mwalimu wao kapata udhuru. Sawa?"

Mwalimu akafungua mdomo. Kila aliyekuwepo alijua kitakachotoka. Hata viti vilijua.

"Hapana," ikasema sauti.

Mwalimu akageuka nyuma kutazama nani kasema. Hapakuwa na mtu. Akageuka tena, uso umemtoka jasho, masikio yamewaka moto.

"Samahani," mwalimu mkuu akasema, "sikukusikia."

"Hapana, mwalimu mkuu. Nimesema hapana. Shikamoo." Alikuwa ameshamwamkia asubuhi, shikamoo hii ya pili ilimponyoka kwa woga tu. Nje, Bonge alianguka kutoka kwenye tofali alilosimamia.

Basi mwalimu akatoa funguo. Akazichomoa moja moja katika pete, akaziweka kwenye viganja vya mwalimu mkuu, ambaye alivikinga bila kujijua. "Huu wa stoo. Huu wa maktaba. Huu wa choo, unataka kuvutwa juu kidogo. Huu sijui wa nini, nao si wangu." Zilipofika kumi na tatu alibaki na mmoja, wa darasa lake. Huo akaurudisha mfukoni.

"Kosa la kuku ni langu," akasema, na sasa alikuwa anawaambia ukumbi wote. "Niliwafundisha maswali mawili, na yalikuwa matatu. Mkilifunga somo leo, watoto hawa watabaki na somo nusu. Na somo nusu ndilo lililofungua banda. Nipeni saa moja nimalizie."

Mwalimu mkuu aliangalia chuma mikononi mwake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anatambua uzito wake, na pengine ndivyo ilivyokuwa.

"Na viti nani atapanga?" akauliza hatimaye.

"Kwani sisi tumekatika mikono?" bibi akaropoka, kuku wake wa ushahidi bado kwapani. "Haya, wewe baba mwenye kofia, shika huko! Nimekuja kudai kuku, lakini na mimi nataka kulijua hilo swali la tatu."

Watoto wakamiminika ndani kama maji kwenye mfereji. Mwalimu akaandika kwenye ubao wa ukumbi: *Tatu, uliza: je, akikataa, atafanywa nini?* Akamgeukia Bonge.

"Ulipokataa vyombo, mama alikufanya nini?"

"Alisema chakula kinabaki, mwalimu."

"Kilibaki?"

"Nilikula mara mbili."

Mama yake Bonge akaficha uso kwa kanga huku mabega yakimcheza. Kisha Bonge akafunua karatasi yake na kusoma, kwa ule mnong'ono wake wa kusikika hadi barabarani: "Ndugu yangu uliyechukuliwa, jina lako silijui kwa sababu walilitupa. Nililala mahali pako sakafuni, mguu wangu haukuenea. Ukikataa walikupiga, na bado ulikataa. Mimi nilikataa vyombo. Naona aibu kidogo. Nakuamkia." Kicheko cha mama yake kikageuka kitu kingine, naye hakukifuta.

Barua zote arobaini na saba zilisomwa. Saa moja ikawa mbili na nusu. Mwishoni watoto walipiga viti mpaka vumbi likashuka kutoka darini, mlinzi akadai na yeye asome zile mbili anazozijua, na kuku wa bibi akaponyoka kwapani, akapita mbele ya meza ya wageni kama mkaguzi. Kwanini akapewa adhabu ya kutafuta wale wengine saba. Aliwapata sita. Wa saba, bibi alikubali, basi, huyo ameanza maisha.

Mwalimu alipata barua ya onyo. Mkewe aliisoma, akamtazama mumewe kuanzia chini kwenda juu, akapiga kelele majirani wakatoka: "Jamani! Suruali imenyooka!"

Miaka mitano imepita. Kwanini sasa yuko sekondari, na juzi alikuwa kwenye foleni ya duka la fotokopi, anasubiri kurasa zake, mtu akamgusa bega. Alishtuka, kwa sababu hakusikia chrin yoyote. Mwalimu alikuwa na mvi mpya na mfuko mtupu.

"Shikamoo mwalimu! Una deni langu," Kwanini akasema. "Nilikuuliza darasa la tano, ukaenda getini. Uhuru wako ulipewa lini?"

Mwalimu akacheka, na safari hii hakuna aliyegonga mlango.

"Ijumaa ile, saa nne na dakika tano. Lakini sikiliza, mwanangu, usije ukaniandika daftari moja na wale tuliowasoma. Wao walikataa huku mjeledi uko juu. Mimi miaka yote ile nilikuwa naogopa kununiwa tu."