Panga Chini ya Mti wa Miraa

Wezi wa miraa kule Laare walikuwa na saa yao: Jumapili, ibada ikiendelea. Kijiji kizima kikiwa kanisani, mtu alipanda mti wako akauchuma wote kabla sadaka haijapitishwa. Nilipoibiwa mara ya tatu nilimwambia mke wangu aende kanisani peke yake. Mimi ningelinda miti niliyoachiwa na baba. Mwanzoni niliomba nikiwa nimekaa pale chini, panga magotini. Baada ya miezi kadhaa niliacha kuomba, na sikuona kilichopungua.

Mchungaji alikuja. Akanieleza habari za mfalme wa Misri, kwamba moyo wake haukuwa mgumu kwa siku moja. Alikataa leo, akakataa kesho, mpaka kukataa kukawa rahisi. Nilimsukuma akaanguka langoni, nikamrushia kofia yake.

Jumapili iliyofuata nilimkuta mwizi juu ya mti. Alikuwa rika langu, niliyetahiriwa naye pamoja, na kwetu mtu hamwagi damu ya rika lake hata akikosewa namna gani. Aliishi kwa kuwachumia watu miraa, na hakuna aliyemshinda kwa wepesi wa vidole. Ng'ambo ya bonde, kanisani, walikuwa wakiimba. Nilimvuta mguu, akaanguka kifudifudi. Nikampiga teke la mdomo, meno yakatoka. Akanyoosha mkono wa kulia akashika shina la mti ili ainuke.

"Rika yangu, usinikate. Kuna Mungu."

"Mungu yuko kanisani," nikamwambia. "Hapa niko mimi."

Panga lilishuka likakwama kwenye shina. Vidole vitatu vikaanguka. Nitasema kweli: nilifurahi. Nililing'oa panga nimmalize, lakini mke wangu, aliyekuwa ametoka ibadani mapema, akanirukia shingoni. Nikampiga yeye kwa bapa la panga, akaanguka juu ya yule mtu, na gauni lake la kanisani likalowa damu.

Hakuna aliyenishtaki. Mwizi wa miraa akikatwa kwetu, watu husema alijitakia.

Rika langu aliokoka, akampa Mungu maisha yake, akiwa bado hospitalini. Mwaka uliofuata alikuja kwangu mchana, akasimama mlangoni, akanyoosha ule mkono wa vidole viwili.

"Nimekuja kuomba msamaha ya ile miraa," alisema.

Nilingoja ataje vidole. Hakuvitaja. Angenitukana, ningejua la kufanya. Aibu ilinipanda, na dawa ya aibu niliyoijua ni moja tu, nikachukua panga. Hakukimbia. Mkono ulibaki umenyooka, na nikahisi kitu kifuani kikitaka kulegea. Nilikikaza kwa makusudi, kama mtu anavyokaza kamba ya kitita cha miraa. Kisha nikafunga mlango.

Sasa yeye ni mzee wa kanisa, ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka, na mke wangu humsalimu kwa kuushika mkono uleule. Mimi sijaibiwa tena hata tawi. Bado nakaa chini ya mti wenye kovu la panga kila Jumapili, nikiwasikia wakiimba ng'ambo ya bonde. Nimejaribu kuomba. Maneno yanakuja, ndani hakuna kinachosogea. Mungu yuko kanisani, na hapa niko mimi. Nilisema mwenyewe, na Yeye hakunibishia.