Fundi wa Valvu ya Mwika

Fundi anayetunza bomba kuu la maji linaloteremka kutoka Mwika hucheka kwa sauti hata akiwa peke yake. Vidole vyake ni vinene, lakini akigusa skrubu ya valvu huizungusha polepole huku amebana pumzi. Valvu hiyo hujifunga yenyewe bomba likipasuka na presha ikishuka kupita kiwango alichoweka. Wiki nzima alikuja kihambani kwetu, shamba letu la migomba na kahawa, alfajiri, watu wa mjini wakioga na presha ikishuka, akasoma geji ya presha kwenye bomba. “Mama Theodora,” aliniambia, “nikiweka kiwango juu, itafunga watu wana sabuni machoni. Nikiweka chini sana, siku bomba likipasuka maji yatabeba kahawa yako yote.” Asubuhi zote presha kwenye geji haikushuka chini ya baa tatu, basi akaweka kiwango cha baa mbili.

Jumanne mti ulianguka, ukapasua bomba mlimani, juu ya nyumba yangu. Maji yalifika kwenye migomba ya kwanza, yakapungua, yakakoma. Fundi alifika na bodaboda, simu yake ikiita mfululizo.

“Hamna maji?” alimuuliza mama wa mjini aliyepiga kulalamika, akirukaruka kwenye tope. “Mungu ashukuriwe, mama! Valvu imefunga!”