Sahani ya Alhamisi Pale Ngara

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru, niliposimama mlangoni pa hoteli ya samaki kule Ngara, nikavuta pumzi mara moja tu, nikageuka. Sikuketi, sikuuliza, sikuonja. Kosa langu lote lilikuwa katika pumzi ile moja. Daftari la siku hizo bado ninalo, maandishi mabovu ya mtu wa darasa la tano, na kila kumbukumbu yangu inapotaka kunipendelea, daftari linanikatalia.

Nilikuwa tarishi katika ofisi moja ya mjini. Kulala nililala Kawangware, lakini mchana kutwa nilikuwa barabarani na bahasha, kwa hiyo nilizijua hoteli zote za bei nafuu: wapi ugali ni mkubwa, wapi mchuzi ni maji matupu. Niliyaandika yote. Ikikaribia saa saba, makarani walionizidi masomo waliniuliza, "Wewe tarishi, leo tunakula wapi?" Nikisema Ngara, wanaenda Ngara. Mtu mdogo akipewa neno linalosikizwa, hulewa bila pombe.

Hoteli hiyo ilikuwa ya Mzee Athmani na mkewe Bi Salma, watu wa pwani. Meza nne, mabenchi, na samaki waliokuja kwa treni kutoka Mombasa wamefukiwa ndani ya barafu. Ulipata kipande kizima cha nguru na wali wa nazi kwa bei ambayo kwingine ungepewa chai na mandazi. Mzee alikuwa mpishi wa meli ya mizigo kabla ya kuja Nairobi. Siku moja nikamuuliza kwa nini aliikimbia bahari. Akakunja kitambaa chake pole pole, akaniambia.

Ilikuwa kusini kabisa, mahali ambapo baridi hukata masikio, siku ya tatu ya dhoruba. Wimbi lile halikuja na kelele, alisema, kelele zilikatika. Alichungulia kidirisha cha jikoni akaona mlima, akafikiri wamefika nchi kavu. Kisha akaona mlima unatembea.

"Nahodha akapiga ukelele, 'Omo! Lielekezeeni omo!'" Omo ni kichwa cha meli. "Wimbi kama lile ukilipa ubavu linakupindua. Ukilipa mgongo linakumeza. Unalipa uso, unapanda nalo huku unasali."

Walipanda, wakashuka, meli ikapona. Lakini Hamadi, mwenzake wa jikoni, alikuwa ametoka kufunga mlango wa nje, na wimbi likaondoka naye.

"Hana kaburi," Mzee alisema. "Ana jina tu."

Nilisikiliza, lakini kwa sikio la mtu wa ziwa. Nilizaliwa si mbali na Ziwa Victoria, nikadhani mawimbi nayajua na samaki nawajua.

Basi Alhamisi sikuwa na desturi ya kula pale, maana siku hiyo nilipeleka barua za Westlands. Ile Alhamisi nilirudi mapema, nikapita Ngara nile. Pale mlangoni nikapigwa na harufu kali, nzito, ya chumvi na ya kitu kilichokaa sana. Nikasema moyoni, mtu wa ziwa haambiwi samaki aliyeoza. Ofisini nikatangaza, "Pale Ngara msiende tena. Hiyo samaki imeoza."

Karani Wafula akadakia, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza!" Watu wakacheka. Simlaumu Wafula; methali ilikuwa yake, habari ilikuwa yangu. Wenzangu wakawaambia wa ofisi za jirani, na kabla mwezi haujaisha nilipita Ngara saa saba mchana nikaona meza tatu hazina mtu.

Aliyenifumbua macho ni Swaleh, karani mpya kutoka Lamu. Alisikia tukiisema ile hoteli, akaniuliza, "Ulinusa siku gani?"

"Alhamisi."

Akashika kiuno. "Huyo ni papa, bwana! Nami nikipita pale Alhamisi humnusa. Papa wa baharini, amekaushwa kwa chumvi. Ndivyo alivyo! Kwetu jirani akimpika, mtaa mzima unajua, na hakuna anayemwita daktari."

Mwanangu, siku hiyo ndiyo niliyopaswa kwenda. Sikwenda. Nilijiambia kwamba habari itasahaulika, kwamba pengine watu wamechoka samaki wanataka nyama choma, kwamba tarishi ni nani hata neno lake liangushe hoteli. Nikifika Ngara nilivuka barabara, nikapita upande wa pili na bahasha zimenikinga uso. Nilizunguka hoteli nyingine za samaki. Daftari lina kurasa tatu za hizo, na hakuna hata moja niliyoisifu. Wahenga walisema, uende tezi, uende omo, marejeo ni ngamani, yaani uende nyuma au mbele, utarudi tu tumboni mwa chombo. Miezi mitatu nililipa wimbi mgongo.

Mwisho, Alhamisi moja, nilimwona Bi Salma kupitia mlango akiosha sahani. Sahani moja, saa saba na nusu. Miguu ikaingia kabla sijaikubalia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, tarishi. Ulipotea kama barua isiyo na stempu."

Nilisema nikiwa nimesimama. "Mzee, ni mimi niliyesema samaki wako wameoza. Sikuonja. Nilinusa tu."

Bi Salma ndiye aliyejibu, mgongo wake kwangu. "Hiyo ya Alhamisi haiuzwi, mwanangu. Alhamisi tunawarehemu maiti wetu. Hamadi alikuwa mpenzi wa papa. Kila anayeingia siku hiyo anapewa sahani, amwombee. Sasa haingii mtu. Tunamwombea wawili tu, mimi na mzee wangu, na chakula kinabaki."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona. Mimi nilikuwa nimeiita uozo sadaka ya mtu asiye na kaburi.

Mzee akanisogezea sahani. "Keti ule. Kosa usilolionja utalitubia vipi?"

Nilikula. Haki isemwe: sikumpenda yule papa, na hata leo si chakula changu. Lakini hakuoza. Nikamwombea Hamadi kwa sala ya kanisani kwetu, maana sikujua nyingine, na wote wawili wakaitikia amina.

Nilipoinuka nikidhani nimemaliza, Mzee akanishika mkono. "Wimbi lako si mimi, tarishi. Wimbi lako liko ofisini."

Kesho yake chai ya saa nne ilipoletwa, nikasimama katikati ya makarani nikasema yote, na sadaka nikaitaja. Wafula akasema, "Tarishi amelishwa bure, sasa anahubiri!" Wakacheka sana. Nilitaka kucheka nao ili yaishe. Nikanyamaza, nikasimama pale pale, mpaka na wao wakanyamaza.

Alhamisi iliyofuata Swaleh alikwenda, na Wafula, lazima niseme, alikwenda naye. Akaziba pua kwa mzaha, akala, akaomba aongezwe. Wengine hawakurudi tena. Hoteli ilifungwa mwaka uliofuata. Bi Salma aliniambia ni kodi ya nyumba na mgongo wa Mzee. Labda ni kweli, labda alinihurumia. Nimeandika yote mawili katika daftari na sijui lipi nifute. Ule ukurasa wa "samaki wameoza" sikuuchana. Niliupiga mstari mmoja, uendelee kusomeka.

Basi, mwanangu, nisikilize mimi niliyechelewa. Kabla hujasema kitu kimeoza, keti, uliza, onja. Na kama ulimi umekwisha kuteleza, usingoje miezi mitatu. Lielekezee wimbi omo siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale uliowaambia, si pembeni kwa kunong'ona. Sikuahidi kwamba hutapoteza kitu. Hata meli iliyoelekezwa vizuri ilimpoteza Hamadi. Lakini ilifika.

Mungu akujalie ulimi mzito, na miguu myepesi ya kurudi pale ulipokosea. Na ukipita mahali siku ya Alhamisi ukanusa papa, ingia, keti, umtaje Hamadi. Ana jina tu.