Sifuri Ilikuwa ya Mji

Ukipita asubuhi kwenye gereji ya Mzee Kinoti, pale Garissa kwenye njia iteremkayo kuelekea darajani, usimwulize habari za injini. Injini amezichoka. Mwulize habari za gurudumu, kisha utafute pa kukaa, maana hutaondoka upesi.

Alipelekwa Garissa mwaka wa sitini na nne, kijana wa Kimeru aliyepasua njia katika nywele na kujiona, kama fundi wa malori ya serikali. Vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimepamba moto. Barabarani kulitegwa mabomu, na jua likizama hakuna ruhusa ya kutoka nje. Kwao walimlilia kana kwamba wanamzika. Watumishi wa bara wote waliotumwa huko waliamini kuna mkubwa fulani waliyemkosea, ndipo akawatupa jangwani. Wenyeji nao walisema kwamba anayekwenda Nairobi “anakwenda Kenya,” na Kinoti siku za kwanza alichukia sana kusikia hivyo. Siku hizi husema hivyo hivyo mwenyewe.

Karibu na mto palikuwa na nyumba ya mawe yenye baraza pana, iliyokuwa klabu ya maofisa wa Kizungu. Uhuru ulipokuja waliondoka, wakaacha viti vya ukindu vilivyotoboka, redio moja ya kukoroma, na chombo cha mbao cha duara kilichokuwa jikoni. Mpishi alikuwa akianikia pilipili ndani yake. Aliyekitambua ni Elkanah, mwalimu wa hesabu kutoka Nyanza, ambaye kabla ya kusomea ualimu aliwahi kuwapelekea Wazungu vinywaji hotelini. Alipokiona alishika kichwa kwa mikono miwili.

“Jamani! Mnaanika pilipili juu ya ruleti!”

Wakaipangusa, wakaipaka mafuta ya injini, ikazunguka bila kelele. Mueni, muuguzi wa Kikamba aliyekuwa na ulimi mkali na moyo laini, akaleta shuka kuukuu la hospitali. Elkanah akalichora miraba kwa wino: namba moja hadi thelathini na sita, na juu yake sifuri peke yake.

Akawafundisha. Gurudumu lazungushwa upande huu, kigololi chatupwa upande ule. Wakati kigololi kinakimbia, kila mtu anaweka dau lake shukani, mpaka mwendeshaji aseme basi. Ukiweka dau juu ya namba moja tu na ikatoka, walipwa mara thelathini na tano, lakini usikae macho ukiingoja. Ukiweka kwenye mstari kati ya namba mbili, malipo yanapungua karibu nusu. Ukiweka kwenye dazeni nzima, walipwa mara mbili. Na mwoga, au mwenye busara, anaweka kwenye rangi. Nusu ya namba ni nyekundu, nusu nyeusi, na ikitoka rangi yake analipwa sawa na alichoweka. Kinoti alikuwa mtu wa nyeusi. Alisema ni rangi ya grisi, nayo imemlea.

Hawakucheza kwa pesa. Pesa ya nini, na duka lenyewe lina kiberiti na chumvi tu? Waliokota kokwa za mikoma kando ya mto, kila mchezaji akazitia wino wa rangi yake ili madau yasichanganyike. Kokwa hizo zilinunua mambo ya maana kushinda pesa: kuoga wa kwanza kabla maji hayajaisha, kiti cha karibu na redio, kusamehewa zamu ya lindo, au kibaba cha sukari katika mgao wa mwenzako. Ukawa ndio utaratibu wa klabu kwamba jambo likitakiwa na wawili hawagombani, wanalipeleka kwenye gurudumu. Walicheza alasiri, ofisi zikiwa zimefungwa kwa joto, na jua likianza kulegea kila mtu anakimbilia kwake. Mzee Kinoti akifika hapa hutabasamu peke yake. Mauti yalikuwa mlangoni, asema, na sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Hajapata tena kucheka vile.

Tabu ilikuwa sifuri. Sifuri haina nyekundu wala nyeusi. Ikitoka, wote walioweka kwenye rangi wanapoteza, na madau yanakwenda kwa mwenye nyumba. Sasa mwenye nyumba ni nani? Wakabishana siku hiyo mpaka chai ikapoa.

“Mwenye nyumba amerudi kwao Uingereza,” akasema Mueni, “na nyumba imebaki kwa mji. Sifuri ni ya mji.”

Ikawa hivyo. Kilichomezwa na sifuri, sukari au majani ya chai, kilipelekwa kwa wenyeji, na mwenyeji waliyemjua wao alikuwa Sirad. Sirad alikuwa mjane wa Kisomali, mwembamba, mrefu, aliyeleta maziwa ya ngamia kila asubuhi katika mlango wa jikoni, ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Maziwa yale yalikuwa na harufu ya moto wa jana. Mwanzoni Kinoti aliyatema, baadaye akawa hawezi kuanza siku bila hayo. Wakati huo mifugo mingi ilikuwa imetwaliwa au imekufa, na watu wamekusanywa vijijini chini ya ulinzi. Kwa hiyo sukari ya sifuri haikuwa kitu kidogo. Sirad aliipokea akisema Mungu awalipe. Hakuuliza ilikotoka, wala wao hawakumwambia. Hawakuona kwamba kuna la kumwambia.

Mwaka wa sitini na sita, mvua za Novemba zikiwa zimekaribia, likaja jambo la kiti.

Malori yalikwenda Thika kwa msafara wenye askari, na tangu shambulio la mwisho kila lori liliruhusiwa kubeba raia mmoja tu, mbele, kando ya dereva. Msafara huo ulikuwa wa mwisho kabla mvua hazijageuza barabara kuwa uji. Klabu ilikuwa imegawiwa kiti kimoja tu, zamu ilikuwa ya Kinoti, na alikihitaji kuliko kitu chochote. Kwao Meru, baba yake Nkirote alikuwa amempangia siku ya kupeleka fungu la miraa na asali, posa rasmi mbele ya wazee. Siku mbili za nyuma zilishampita kwa sababu ya vita. Mzee yule alisema ya tatu ndiyo ya mwisho, kwa kuwa kuna mtu mwingine mwenye lori la kahawa anayebisha hodi, na yeye hawezi kumzeesha binti kwa kumngoja mtu wa jangwani.

Lakini Elkanah naye alikuwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa nyuma yake, hajamwona hata uso. Akaomba. Akaomba tena. Wenzao wakamtazama Kinoti. Angeweza kukataa, zamu ni yake, nani angemlaumu? Ila utaratibu wa klabu ulikuwa ule ule, na ujana una kiburi. Nyeusi ilikuwa imemkubali wiki nzima.

“Haya,” akasema. “Twende kwenye gurudumu.”

Mueni akazungusha. Kinoti akaweka kokwa yake kwenye nyeusi, Elkanah kwenye nyekundu. Mmoja angekwenda, mmoja angebaki. Kigololi kikakimbia, kikachoka, kikaruka-ruka juu ya vigawanyo, kikalala katika kitundu kimoja chenye rangi ya kijani, kile cha sifuri.

Elkanah akaanza kucheka, kisha akaacha.

Kinoti akaisukuma kokwa yake kwenye mraba wa sifuri kwa uchungu. Hata hivyo, mzee husema, kulikuwa na nafuu ndani ya uchungu ule. Ilikuwa bahati, na bahati haina uso wa kugombana nao. Angemwandikia Nkirote kwamba hakupenda yeye, ni sifuri. Tena kila mmoja pale alijua mara moja kiti ni cha nani. Binti yake Sirad, Kaaha, mtoto wa miaka saba hivi, alikuwa ameingiwa na usaha kwenye mfupa wa mguu. Hospitali ya Nairobi ilikuwa tayari kumpasua. Kibali kilikuwepo, kila kitu kilikuwepo, isipokuwa nafasi ya kumfikisha. Mama angempakata na wote wawili wangetosha katika kiti kimoja.

Wakaenda watatu, Kinoti mbele. Walimkuta Sirad nje ya kibanda chake cha miti na ngozi, akimpepea mtoto.

“Mama Kaaha,” Kinoti akasema, akijitia uchangamfu, “kuna kiti kwenye lori la kesho. Sifuri imekupa wewe.”

“Sifuri ni nani?”

Akamweleza. Akaeleza safari yake ya posa, gurudumu, kokwa na rangi, na jinsi ambavyo sukari zile zote zilitoka huko huko. Alidhani atafurahi. Sirad akasimama polepole. Ukaya ukamwanguka mabegani, asiurudishe.

“Sukari ya gamari? Mimi nimekula gamari? Mtoto yangu amekula?”

“Mama, hatukucheza kwa pesa…”

“Gamari ni gamari. Mungu anasamehe mtu hakujua. Sasa mimi najua. Hiyo kiti sitaki. Wallahi sitaki.”

Mueni akamshika mkono, akamwonyesha mguu wa mtoto, uliovimba na kung’aa. Sirad akautazama, na machozi yakamtoka bila sauti. Lakini hakugeuza neno. Akamgeukia Kinoti, na sauti yake ikawa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeuliza bei.

“Walaal, ndugu yangu, niambie. Kabla hiyo gurudumu haijazunguka, kiti ilikuwa ya nani?”

“Yangu.”

“Basi bado yako. Ngamia ikiibiwa, alama yake shingoni haibotei. Kwenda mbali inaweza kwenda, mwenyewe ni yule yule. Hiyo gurudumu ni mwizi tu. Mimi narudisha ngamia yako.” Akavuta pumzi. “Nimerudisha. Sasa ndiyo nakuomba. Kama moyo yako inaweza, nipe wewe, kwa mkono yako. Kama haiwezi, enda kwa bibi yako, enda na salama, na mimi kesho naleta maziwa bole bole kama siku zote.”

Mzee Kinoti hasemi haraka sehemu hii. Hutafuta spana chini ya benchi, ingawa hana kazi nayo. Kiti kilikuwa kimerudi. Kwa dakika chache tu alikuwa amempoteza Nkirote bila kosa lake, na sasa mwanamke huyu alikuwa amemrudishia Nkirote mzima, yu mkononi, kisha akamwomba. Hakuna nyeusi ya kusingizia tena. Alimchukia Sirad. Asema hivyo waziwazi, alimchukia kweli. Akageuka akapiga hatua kadhaa kuelekea kwenye malori, na Elkanah hakumwita.

Kaaha ndiye aliyemwita. Hakujua hata mazungumzo yalikuwa ya nini. Alikuwa amesikia neno moja tu.

“Abti,” akasema, maana alimwita mjomba tangu mama yake alipoanza kumwita ndugu, “lori iko na dirisha?”

“Liko.”

“Twiga ataonekana?”

Kinoti akarudi. Sirad alitaka yasemwe mbele ya mashahidi, naye akayasema, neno kwa neno kama mtoto wa shule. Kiti ni chake, hakuna mtu aliyekishinda, na amekitoa kwa hiari yake. Kutoa ni moyo, watu hupenda kusema, lakini hawasemi moyo huo hubaki na shimo kiasi gani. Alfajiri ile alikagua lori kwa mikono yake mwenyewe, breki, maji, tairi, akamnyanyua mtoto akamkalisha upande wa dirisha. Vumbi lilipotua alikuwa bado amesimama.

Mvua zilinyesha wiki hiyo hiyo, barabara ikafa. Elkanah alimwona mwanawe baada ya mvua, keshaota meno. Mwenye lori la kahawa alimwoa Nkirote. Klabuni waliendelea kucheza, ila utaratibu ulibadilika. Kabla ya kuzungusha, kila mtu alitenga sukari yake mwenyewe kwa ajili ya Sirad, kwa mkono wake, na sifuri ikawa si ya mtu. Cha kushangaza, sukari iliongezeka.

Vita vikaisha. Elkanah na Mueni wakahamishwa, klabu ikawa bohari, gurudumu likapotea. Kinoti alipopewa uhamisho aliukataa, akafungua gereji. Alikuja kuoa baadaye, akazaa, akamzika mke. Sirad naye amelala kwenye mchanga wa Garissa. Maziwa bado humfikia kila Ijumaa kutoka kwa Kaaha, yenye harufu ile ile ya moshi, na mara nyingine hukaa na kikombe puani kwa muda kabla ya kunywa. Angetoa alicho nacho chote kwa alasiri moja tu ya baraza lile.

Nkirote alikutana naye mara moja, miaka mingi baadaye, kwenye soko la Maua. Alikuwa amenenepa, mbele yake mikungu ya ndizi. Walisalimiana vizuri. Kisha mama yule akasema, kwa mzaha uliokuwa na mwiba ndani yake, “Nilisikia ulinipoteza kwenye kamari.”

Angeweza kukubali. Ingekuwa rahisi kwa wote wawili.

“Hapana,” akasema Kinoti. “Kamari ilikuchukua, kisha ukarudishwa. Mimi ndiye niliyekutoa.” Akamweleza habari ya mtoto.

Nkirote alizipanga ndizi zake upya, moja moja, bila kuinua macho.

“Huyo mtoto,” akauliza mwishowe, “anatembea?”

“Anatembea.”

Nkirote akakata kichane kimoja, kilichoiva vizuri, akakifunga kwa jani la mgomba. “Basi mpelekee,” akasema.